Kitabu cha Deni cha Jiji

Mnamo Februari 24, 2025, malori ya Kaunti ya Nairobi yalifika Stima Plaza, makao makuu ya kampuni ya umeme ya Kenya Power, yakamwaga taka nje ya lango. Chanzo kilikuwa bili. Kampuni ilikuwa imekata umeme katika ofisi za kaunti, ikidai takriban shilingi bilioni 3. Kaunti nayo ikashikilia kwamba yenyewe ndiyo inayodai, tena shilingi bilioni 4.9, ada ya nguzo na nyaya zinazopita katika ardhi yake.

Katika ploti yoyote ya Kayole au Kangemi, wapangaji wawili wakidaiana namna hiyo huketishwa na kuulizwa: deni liliandikwa lini, na nani alishuhudia? Inauma kuona taasisi mbili za umma, zenye wahasibu na mawakili wa kutosha, zikifikishana mpaka kwenye taka kabla ya kufungua vitabu.

Kila msimu wa uchaguzi husikika ahadi kwamba jiji litaendeshwa kwa akili ya nyumbani. Anayeitoa mara nyingi ana maana ya kubana matumizi, basi. Lakini mtu anayeendesha nyumba kikweli anajua mengi kuliko kubana. Mama anayelisha watu sita kwa pesa za kibarua hapangi mwezi kwa pesa anazozitamani. Hupanga kwa zilizoingia mwezi uliopita. Shemeji akiahidi kutuma kitu, ahadi hiyo haigeuzwi kuwa unga mpaka ujumbe wa M-Pesa uingie.

Nairobi hufanya kinyume. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 kaunti ilikadiria kukusanya karibu shilingi bilioni 20 kutokana na vyanzo vyake yenyewe: kodi ya ardhi, maegesho, leseni za biashara, ada za ujenzi. Iliambulia chini ya bilioni 13. Pengo hilo la bilioni saba ndilo moyo wa tatizo zima, na halipewi uzito linaostahili. Bajeti ikishapita katika bunge la kaunti, shilingi za kwenye makaratasi hugeuka kandarasi za kweli: barabara ya wadi hii, dawa za zahanati ile. Mwanakandarasi hufanya kazi na kukabidhi. Pesa zilizokadiriwa hazikuja, bili yake inabaki mezani, na mwaka unaofuata makadirio yanapandishwa tena.

Ndivyo malimbikizo ya bili za Nairobi yalivyovuka shilingi bilioni 80, kiasi ambacho hakuna kaunti nyingine kati ya zote 47 inayokikaribia. Ni kweli kwamba sehemu ya deni hilo ilirithiwa kutoka kwa lililokuwa Baraza la Jiji kabla ya ugatuzi wa 2013. Lakini urithi hauelezi kwa nini kila utawala uliofuata umeongeza kurasa katika kitabu kilekile. Mdhibiti wa Bajeti, Dkt Margaret Nyakang'o, amelieleza jambo hili katika ripoti baada ya ripoti.

Sasa, ni nani anayelikopesha jiji? Kifungu cha 212 cha Katiba kinasema kaunti inaweza kukopa tu ikiwa serikali ya kitaifa imetoa dhamana na bunge la kaunti limeidhinisha. Ni masharti mazuri. Ila mfanyabiashara aliyepeleka dawa au magodoro na hajalipwa kwa miaka mitatu ameikopesha kaunti bila dhamana, bila riba na bila kuulizwa. Tangu 2013, asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mpango uliokusudiwa kuwainua. Wengi wao hawana akiba ya kusubiri. Huchukua mkopo benki au kwenye sacco wakiwa wameshika hati ya serikali ya kuagiza bidhaa, na mkopo huo huanza kudai marejesho mwezi unaofuata. Dalali wa mnada hajali kwamba mdaiwa naye anadai.

Nyumbani, aliyekopa dukani bila kulipa hunyimwa unga. Kaunti ikikimbiwa na muuzaji mmoja humpata mwingine, na huyo hupandisha bei mapema kufidia miaka ya kusubiri. Kwa hiyo mkazi wa jiji hulipia ucheleweshaji huo mara mbili: barabara isiyokamilika, na bei iliyovimba ya ile itakayofuata.

New York ilipitia mkondo huohuo. Kwa miaka mingi jiji hilo lilikopa kwa hati za muda mfupi kwa kutegemea mapato ambayo mengine hayakuja kabisa, na gharama za kila siku zikaingizwa katika fungu la ujenzi. Kufikia 1975 madeni ya muda mfupi yalikuwa karibu dola bilioni 6. Masika ya mwaka huo benki zikakataa kuendelea kukopesha. Meya, Abraham Beame, alikuwa mhasibu aliyewahi kuwa mkaguzi mkuu wa fedha za jiji hilohilo. Kukosa wajuzi wa hesabu hakukuwa tatizo. Oktoba 17 jiji liliponea chupuchupu kufilisika, pale hazina ya pensheni ya walimu ilipokubali kununua dhamana za dola milioni 150. Waliolipa gharama ni watu wa kawaida. Maelfu ya polisi walifutwa kazi, nauli ya treni za chini ya ardhi ikapanda kutoka senti 35 hadi 50, na mwaka 1976 chuo kikuu cha jiji, kilichokuwa bure kwa zaidi ya karne, kikaanza kutoza karo.

Kubana peke yake, basi, huja kama adhabu ya aliyekosa kuhesabu. Nyumba yenye busara huangalia upande wa mapato pia, na hapo Nairobi ina kisa cha kusikitisha. Hadi miaka michache iliyopita kodi ya ardhi ya jiji ilikuwa bado ikikokotolewa kwa thamani za 1982. Westlands iliota minara, Upper Hill ikageuka mtaa wa mabenki, na daftari la thamani likabaki palepale. Hakuna mwenye nyumba wa Umoja angekubali kupokea kodi ya chumba kwa bei ya 1982. Daftari jipya lilipokuja, kiwango kilibadilishwa kutoka asilimia 34 ya thamani ya zamani hadi asilimia 0.115 ya thamani ya sasa. Ilikuwa hatua sahihi, iliyochelewa kwa takriban miaka 40. Kampala ilionyesha kinachowezekana: baada ya mamlaka ya KCCA kuanza kazi 2011 chini ya Jennifer Musisi, mapato ya jiji yaliongezeka zaidi ya maradufu katika miaka michache.

Hata hivyo mfano wa nyumba una mahali unapokoma, na wanaoupenda wanapaswa kukiri. Baba wa miaka 60 hapewi mkopo wa miaka 30. Jiji halizeeki kwa namna hiyo. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994 kwa fedha za mikopo, ndilo linaloipatia Nairobi sehemu kubwa ya maji yake hadi leo. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo amekunywa maji hayo maisha yake yote, na ni haki achangie kulilipia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitambua tofauti hii, kwani inataka mikopo ya kaunti itumike kwa maendeleo. Kukopa ili kujenga bwawa kunafaa. Kukopa kwa muuza dawa ili kulipa mishahara, bila hata kumwambia kwamba amekopesha, ni jambo jingine, na kunapaswa kuitwa kwa jina lake.

Bunge la kaunti lina nafasi ya kuanza upya kila mwaka, bajeti inapofika mbele yake. Lisipitishe makadirio yanayozidi makusanyo halisi ya mwaka uliotangulia, isipokuwa kwa nyongeza yenye ushahidi. Ikiwa hilo litamaanisha kupunguza barabara katika wadi, wawakilishi wawe na ujasiri wa kurudi kwa wapiga kura na kuwaambia hivyo.

Kisha kaunti ichapishe bili zake zote zilizohakikiwa, kwa tarehe na kiasi, na ilipe zile ndogo za zamani kwanza. Aliyepeleka magodoro hospitalini 2019 ataona yuko wa ngapi kwenye foleni, na atakuwa na karatasi ya kumwonyesha meneja wa benki.