Neno "Nawajua" Lina Uzito Gani?



Kabla ya mada, niungame. Mwaka juzi mama mmoja wa mtaani kwetu Unguja alinipigia simu. Binti yake kapata kazi ya ndani huku Al Hamra, na wakala kamtajia jina la familia. "Mwanangu, wewe uko huko, watu hawa unawajua?" Nikamjibu haraka haraka, maana nilikuwa naingia zamu ya usiku: "Nawajua mama, watu wema, hawana neno." Nilichokijua hasa ni kwamba bi mkubwa wa nyumba ile hunisalimu vizuri, na mara mbili ameniletea tende. Basi!

Binti akaja. Kufika mwezi wa nne hajaona mshahara, pasi imefungiwa kabatini, simu anapewa Ijumaa kwa dakika kumi. Mama yake aliponipigia tena hakunitukana. Alisema tu, "Mimi nilikubali kwa neno lako."

Tangu siku ile neno "dhamana" halinitoki kichwani. Kwenye sheria ni neno zito. Ukiigeuza hundi na kutia saini nyuma ili umkabidhi mwingine, kwa sheria ya Kiingereza ya 1882, ambayo Kenya na Tanganyika ziliirithi, unaahidi kwamba ikikataliwa benki utalipa wewe. Kama hutaki mzigo huo, uandike waziwazi pale pale kwamba huubebi. Na fiqhi ilitangulia zamani: kafili ni mtu anayejitwika deni la mwenziwe, kama Abu Qatada alivyolichukua deni la maiti ili Mtume (SAW) amsalie. Kafili, ndugu zangu, ni mtu wa kudaiwa.

Sasa njooni Ghuba muone neno lilivyopinduliwa. Kafili wa viza ana wajibu wake kwenye karatasi, sikatai, lakini kwa vitendo yeye ndiye anayeshika na mfanyakazi ndiye anayeshikwa. Kwa miaka mingi huku Oman mgeni hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ile karatasi ya kafili tuliyoizoea kwa jina la NOC. Ikafutwa tarehe 1 Januari 2021 kwa aliyemaliza mkataba, na wengi tulishukuru. Lakini Sheria ya Kazi ya 2023 (Amri ya Kifalme namba 53) haikuwaingiza watumishi wa majumbani. Na yanayowapata dada zetu humo ndani shirika la Human Rights Watch lilikwisha kuyaandika Novemba 2017, likiwahoji Watanzania waliofanya kazi Oman na Emirati: pasi kuchukuliwa, mishahara kutolipwa, kazi bila mapumziko. Hakuna asiyejua tena.

Kwenye biashara dhamana ni nyepesi kama karatasi ya tangazo. Mnaikumbuka DECI, Tanzania Bara, 2009? Watu "walipanda mbegu" za fedha zao kwa sababu waliokuwa wakiiendesha walikuwa wachungaji. Hawakusoma hesabu, walisoma nyuso.

Na sisi wa siasa je? Miaka zaidi ya sitini tunabishana kama Baraza la Mapinduzi liliziridhia Hati za Muungano zilizotiwa saini tarehe 22 Aprili 1964, na tunadai tuonyeshwe karatasi. Tuna haki kabisa ya kudai. Lakini sisi hawa hawa, tunaotaka ushahidi wa kuridhiwa kwa nchi, tunamridhia msichana wa miaka ishirini apande ndege kwa sauti ya simu ya nusu dakika. (Nasema sisi, na wa kwanza ni mimi.)

Kazini kwangu haiwi hivyo. Mfuko wa damu hautundikwi mpaka wauguzi wawili wasimame kitandani, wasome jina la mgonjwa, namba yake, kundi la damu na tarehe ya mwisho ya matumizi, kisha wote wawili wasaini. Yule wa pili hakuja kumfurahisha mwenzake. Damu ikikosewa tunaitwa wote wawili, na hakuna atakayenisikiliza nikisema nilisaini kwa sababu mwenzangu ni mtu mwema.

Kwa nini basi simu ya yule mama sikuipa uzito huo? Kwa sababu haikuwa na mahali pa kusaini. Hilo tu.

Nilikwenda kwenye nyumba ile na mzee mmoja wa hapa anayeheshimika. Tulizungumza kwa adabu, kahawa ikanywewa, na pasi ikatoka. Mshahara ulitoka wa miezi miwili tu, tikiti nikalipa mimi. Wapo walioniambia nimejitia kimbelembele na nimeharibu ujirani. Bi mkubwa siku hizi hanisalimu.

Sasa nikipigiwa simu nauliza: mshahara kiasi gani, mkataba uko wapi, pasi atakaa nayo nani, na mimi nitaruhusiwa kwenda kumwona? Nisipopata jibu nasema "siwajui", hata kama ni majirani wa mlango wa pili. Nyumbani wanasema Uarabu umeniingia. Wiki iliyopita wakala yule yule kampa mama mwingine namba yangu, akamwambia, "Mpigie huyo, ni muuguzi, atakuthibitishia."