Vijana wetu wanahitaji mfuko wa kudumu, si michango ya msimu

Ndugu Waislamu, kila yanapotangazwa matokeo ya kidato cha sita, misikiti yetu mingi hupokea ombi la aina moja: kijana amefaulu, chuo kimempokea, mzazi hana uwezo. Tangazo hutolewa baada ya sala ya Ijumaa na, Alhamdulillahi, watu hutoa. Kijana huondoka na ada ya mwaka wa kwanza. Tabu huanza mwaka wa pili, kwani waumini wale wale wameshaombwa kuchangia kisima na paa la madrasa, na aliyekwisha kuanza masomo hubaki akikumbukwa na wazazi wake tu.

Hatukatai kwamba mzigo umepungua. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika sekondari za umma hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafikishwa kidato cha sita. Ipo pia Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Lakini si kila aombaye mkopo huupata. Na wapo vijana wasiokwenda chuo kikuu kabisa: binti aliyehitimu ushonaji VETA akakosa cherehani, au seremala asiye na randa yake mwenyewe. Hawa hawahitaji ada. Wanahitaji ruzuku ndogo ya kuanzia kazi.

Jirani zetu wa Kenya walianzisha mwaka 1997 taasisi iitwayo Kenya Community Development Foundation, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuzisaidia jamii kujiwekea mifuko ya kudumu. Mtaji hauguswi, huwekezwa, na pato lake ndilo litumikalo. Marekani utaratibu huu ulianza mwaka 1914 katika mji wa Cleveland, kwa juhudi za mkuu wa benki aitwaye Frederick Goff.

Msomaji atakuwa ameshatambua kwamba tunasimuliwa habari zetu wenyewe. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri, akaelekezwa aizuie asili na atoe mazao yake sadaka. Ardhi ile ikawa haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Huo ndio wakfu, na ndio uliowalisha na kuwalaza wanafunzi wa Al-Azhar kwa karne nyingi.

Hata hivyo, kuna jambo la kujifunza kwa Goff. Alikerwa na wasia ambazo makusudio yake yalipitwa na wakati, fedha zikawa zimefungwa na mkono wa marehemu. Dawa yake ilikuwa kuipa kamati ya wenyeji uwezo wa kuyageuza matumizi kadiri mahitaji yanavyobadilika. Kwetu sisi sharti la mweka wakfu lina uzito mkubwa katika fiqhi, na ni haki liheshimiwe. Basi busara itumike wakati wa kuandika hati. Mtu akiandika leo kwamba pato lisomeshe wapiga chapa wa tapureta tu, atakuwa amewafungia mlango wajukuu. Aandike: elimu na ufundi wa vijana wa mtaa huu, wa kike na wa kiume.

Je, mtaji utatoka wapi? Tufanye hesabu. Familia 200 zikitoa shilingi 5,000 kila mwezi, hupatikana milioni 12 kwa mwaka, na milioni 60 kwa miaka mitano. Fedha hizo zaweza kujenga fremu za maduka, na kodi yake isomeshe bila ya kugusa riba. Zaka ihesabiwe mbali, kwa kuwa wanazuoni wengi wanataka imfikie mwenye haki mkononi mwake, si kufungiwa katika jengo.

Kinachowazuia wengi, kwa maoni yetu, si ubahili bali ni hofu. Wameona michango ikipotelea njiani. Kwa hiyo wadhamini wasajiliwe kisheria, ada ipelekwe chuoni moja kwa moja, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa msikiti kila baada ya miezi mitatu. Na mjumbe ambaye mwanawe ameomba, atoke nje ya kikao ombi hilo linapojadiliwa, awe ni imamu au mweka hazina.