Kipaji cha Kuchora: Tumtafutie Mtoto Walimu Waliobobea



Wazazi wenzangu, miongoni mwa mambo yanayozua mvutano katika nyumba zetu ni mtoto anayependa kuchora. Daftari lake la hesabu lina michoro mingi kuliko hesabu. Baba hukasirika akalichana, mama husitasita asijue aseme nini, na mtoto hutoka na funzo moja tu: kwamba achore kwa kujificha. Anayejificha hujichagulia walimu mwenyewe, na walimu walio wepesi kupatikana ndani ya simu si wote wanaostahiki kukaribishwa katika nyumba ya Kiislamu.

Hofu ya baba huyo haikuzuka bure. Zipo hadithi sahihi zinazoonya vikali juu ya kutengeneza picha, na wengi wa wanavyuoni wamekataza kuchora viumbe wenye roho, ijapokuwa wamehitilafiana katika baadhi ya matawi ya suala hilo. Lakini tukumbuke namna Ibn Abbas (r.a.) alivyomkabili mtu aliyemjia akisema kuwa riziki yake inatokana na kutengeneza picha. Alimfikishia onyo la Mtume (s.a.w.), na alipoona limemtia simanzi, hakumwacha mikono mitupu. Alimwelekeza kwamba ikiwa hana budi kuifanya kazi hiyo, basi achore miti na kila kisichokuwa na roho. Hayo yamepokewa na Bukhari. Tazama busara hiyo: mkono wenye ufundi haukukatwa, bali ulionyeshwa pa kwenda.

Nasi tunapaswa kumwonyesha mtoto pa kwenda. Upo mtindo wa uchoraji unaoafikiana vyema na mwelekeo huo, nao ni ule unaounganisha kalamu ya wino na rangi za maji. Kalamu hubeba umbo: ukingo wa paa, tao la mlango, mishipa ya jani. Rangi za maji hubeba mwanga na kivuli. Kwa kuwa rangi hizo ni nyepesi, weupe wa karatasi hupenya ndani yake, na mstari wa wino hubaki ukionekana chini yake. Majengo, miti, mitaa na bandari hukubali sana mtindo huu. Vifaa vyake ni vichache: kalamu yenye wino usiotoka ukilowa maji, kisanduku cha rangi, brashi moja au mbili, na karatasi nzito isiyojikunja.

Mtoto atahitaji kuona kazi za waliobobea. Ni nani basi aliyebobea? Tusidanganywe na wingi wa wanaomshangilia mtu. Tutazame mambo matatu: kwamba amedumu na fani hiyo kwa miaka mingi, kwamba mstari wake ungesimama hata rangi ikiondolewa, na kwamba kazi zake zimehifadhiwa mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuziona na kuzirudia. Nitataja watatu.

Wa kwanza ni ndugu yetu katika imani, Matrakçı Nasuh, aliyeishi katika dola ya Uthmaniya na kufariki mwaka 1564. Alikuwa mwanahesabu, mwanahistoria na bingwa wa kutumia silaha. Aliandika kitabu juu ya safari ya kijeshi ya Sultani Suleiman kuelekea Iraki na Uajemi, ya miaka 1533 hadi 1536, na ndani yake mkachorwa miji na vituo vya njiani: Istanbul, Tabriz, Baghdad na mingineyo. Misikiti, kuta, madaraja, mito na miti vimo kwa wingi, lakini watu hawamo. Hapa na pale wanyama huonekana, na hilo mzazi alijue kabla ya kumwonyesha mtoto. Rangi zake ni nzito kuliko hizi za kisanduku, lakini mpangilio ni ule ule wa mstari ulio wazi na rangi ndani yake. Nakala maarufu ya kitabu hicho imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Istanbul. Mtoto wa Kiislamu akiiona, atajua kwamba sanaa hii si mgeni katika ustaarabu wake, na kwamba hesabu na uchoraji vilikaa pamoja katika kichwa cha mtu mmoja.

Wa pili ni Mwingereza, Francis Towne, aliyezaliwa mwaka 1739 na kufariki mwaka 1816. Kwa miaka mingi aliishi kwa kufundisha uchoraji katika mji wa Exeter. Mwaka 1780 alisafiri hadi Roma, akachora magofu ya kale kwa mistari ya wino na matabaka mepesi ya rangi za maji. Alikuwa na desturi ya kuandika nyuma ya mchoro tarehe, saa na upande ambao mwanga ulitokea. Chuo cha kifalme cha sanaa cha London kilikataa kumpokea kila alipoomba uanachama. Alipofariki aliacha michoro yake ya Roma kwa jumba la makumbusho la British Museum, na leo anahesabiwa miongoni mwa mabingwa wa fani hiyo. Michoro hiyo inaweza kutazamwa bila malipo katika orodha ya jumba hilo kwenye intaneti. Mtoto atajifunza kwake kuwa jua nalo lina nafasi katika mchoro, na kwamba kukataliwa na wakubwa si mwisho wa kazi ya mtu.

Wa tatu yuko karibu nasi. Ni John da Silva, mchoraji mwenye asili ya Goa aliyekulia Zanzibar, ambaye anajulikana kwa michoro yake ya majengo na mitaa ya Mji Mkongwe. Mtoto wa pwani akiona kuwa milango na baraza anazopita kila siku zimestahiki kuchorwa, atayafumbua macho yake katika mtaa wake mwenyewe.

Baada ya kuwapata, mzazi afanye nini? Amkalishe mtoto na mchoro mmoja kwa muda mrefu, si michoro mia kwa dakika kumi. Kwanza aunakili kwa kalamu peke yake. Mara ya pili aweke rangi, akianza na zilizo hafifu na kumalizia na vivuli, na asiweke tabaka la pili kabla la kwanza halijakauka. Mara ya tatu afunge kitabu, atoke nje na kuchora msikiti wa mtaa wao, nyuma ya karatasi akiandika siku na saa. Afundishwe pia amana: kunakili kwa ajili ya kujifunza ni jambo la kawaida, lakini kuinadi kazi ya mwingine kuwa ni yako ni udanganyifu.

Mipaka nayo isisahauliwe. Swala ikiadhiniwa, brashi iwekwe chini, masomo yasiachwe, na yale yenye utata katika picha aulizwe mwanachuoni anayeaminika. Mzazi anayekaa kando ya mwanawe na kutazama naye mchoro atakuwa na haki ya kusikilizwa atakaposema, “Hiki kiache.” Aliyechana daftari atasema vivyo hivyo, lakini mtoto atakuwa ameshaondoka na simu yake.

Vipaji ni amana kutoka kwa Allah (s.w.), nasi tutaulizwa namna tulivyovilea. Tumuombe atuongoze kuvielekeza katika yale yanayomridhisha, na awajaalie watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.

Wallahu a’alam.