Mrija wa tumboni ukiziba, si lazima ung'olewe

Msomaji, huenda una jamaa ambaye figo zake zimekataa kazi, naye badala ya kulala kando ya mashine hospitalini mara mbili tatu kwa wiki, husafisha damu yake nyumbani. Hujitia maji maalumu tumboni, aghalabu lita 2, kupitia mrija laini wa silikoni uliopenyezwa karibu na kitovu. Maji hayo hukaa saa kadhaa yakivuta uchafu kupitia utando wa tumbo, kisha humwagwa. Wengi hufanya hivyo mara 4 kwa siku. Aina ya mrija inayotumika sana ilibuniwa na Henry Tenckhoff kule Seattle, Marekani, mwaka 1968.

Basi ije siku maji yaingie vizuri lakini yakatae kutoka. Nyumba nzima huingiwa na hofu, maana mrija ukienda, na matibabu ya nyumbani yameenda.

Kabla ya kuwaza kisu, muulize mgonjwa swali ambalo wengi huliona aibu: umeenda choo lini? Utumbo uliojaa hukandamiza mrija, na hiyo ni sababu ya kawaida mno. Mara nyingi dawa ya kulainisha choo iliyoandikwa na daktari (figo mbovu hazivumilii kila dawa ya dukani) humaliza shida. Nyuzi zilizoganda ndani ya mrija nazo huweza kuyeyushwa kwa dawa.

Hayo yakishindikana, muulize daktari kuhusu upasuaji wa matundu. Zamani tumbo lilipasuliwa, au mrija ukang'olewa ukatiwa mwingine. Siku hizi, penye vifaa na daktari aliyefunzwa, hutobolewa matundu mawili matatu yasiyozidi upana wa kidole, tumbo likajazwa gesi, kamera ndogo ikaingizwa. Mkosaji aghalabu ni ule utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya matumbo, ambao hujiviringa kwenye mrija kama mmea utambaao. Daktari huukwamua, akaushona juu usirudi. Ncha ya mrija ikiwa imehama, huirejesha chini kwenye nyonga.

Mgonjwa hutiwa dawa ya usingizi, hivyo moyo na mapafu hupimwa kwanza. Vidonda vikiwa vidogo, wengi huanza tena kutia maji baada ya muda mfupi, kidogo kidogo, wakiwa wamelala ili yasivuje.

Lakini maji yakitoka yenye ukungu, tumbo likiuma au homa ikipanda, huenda ni maambukizi. Mpeleke hospitalini siku iyo hiyo, na mfuko wa maji hayo mkononi.