Mtu Mzima Kusoma Vibonzo Si Ugonjwa

KUNA bwana mmoja wa makamo, karani mstaafu, ambaye kila akija kliniki yangu huketi kwenye benchi akiwa amejifunika uso kwa gazeti. Nilidhani anafuatilia siasa. Siku moja nilipomwita, gazeti lilimponyoka na kitabu cha vibonzo kikaanguka sakafuni. Waliokuwa wakingoja wakaangua kicheko.

"Ni cha mjukuu wangu, daktari," akasema, akikiokota haraka.

Nami ningalicheka, lau si yaliyofuata. Bwana huyu ana kisukari, na siku hiyo nilimwanzishia sindano za insulini. Muuguzi alimpa kijitabu cha picha kinachoonyesha sehemu za mwili za kudunga na jinsi ya kubadilisha mahali kila mara. Alikikataa mbele ya watu, akaomba karatasi ya maandishi matupu, "ile ya watu wazima".

Baada ya miezi miwili alirudi akiwa na uvimbe kando ya kitovu. Alikuwa akijidunga pale pale, asubuhi na jioni. Insulini ikidungwa kwenye uvimbe wa namna hiyo haiingii mwilini sawasawa, na sukari yake ilikuwa ikipanda na kushuka ovyo. Karatasi ilikuwa imeeleza hayo yote, katika aya ya nne. Hakufika huko.

Sisi madaktari tuna lawama katika jambo hili. Mwaka wa 1954 Fredric Wertham, daktari wa magonjwa ya akili jijini New York, alichapisha kitabu akidai kwamba vibonzo huwapotosha watoto hadi wakawa wahalifu. Mwaka huo huo kamati ya Seneti ya Marekani ilifanya vikao, na wachapishaji kwa hofu wakajiwekea kanuni kali. Vibonzo vikabaki kuwa mambo ya kitoto. Mnamo 2012 msomi Carol Tilley, aliyepekua karatasi za daktari huyo, alionyesha kwamba maelezo ya vijana aliowahudumia yalikuwa yamebadilishwa na kutiwa chumvi. Lakini dharau ilikuwa imekwisha kuenea.

Hapa kwetu dharau hiyo inanishangaza zaidi. Ni wangapi waliofungua Taifa Leo wakimtafuta kwanza Juha Kalulu wa Edward Gitau? Watu wazima walimsoma bila haya. Kumbe kibonzo kikiwa ndani ya gazeti ni halali, lakini kikipata jalada lake chenyewe kinakuwa cha watoto!

Nchini Uingereza, Ian Williams, ambaye ni daktari na mchoraji, alitoa mwaka wa 2014 kitabu kizima cha vibonzo kuhusu daktari wa kijijini anayesumbuliwa na maradhi ya akili. Hicho si cha kumpa mtoto.

Siku hizi vitabu vya vibonzo viko juu ya meza pale wagonjwa wanapongojea, na changu mimi hukisoma kwenye matatu. Juzi kondakta aliniuliza kama nimerudi darasa la tatu. Nilimwonyesha ukurasa niliokuwa nikiusoma, akainama kuusoma hadi akasahau kudai nauli.

Yule bwana wetu hatimaye alikichukua kile kijitabu cha picha. Muuguzi alilazimika kumtilia ndani ya bahasha ya kaki.