Mshubiri kwenye kopo

Wako wanaosema kupanda maua Nakivale ni kupoteza maji, nayo tunayapangia foleni na madumu. Kwa mawaridi, sawa. Kwa mshubiri hatukubaliani nao. Majani yake manene huhifadhi maji, na mingi hufa kwa kumwagiliwa kila siku, mizizi ikaoza. Kopo kuukuu lililotobolewa chini, udongo uliochanganywa na mchanga, maji pale tu udongo ukikauka, basi. Machipukizi huota pembeni. Mgawieni jirani, hata ndugu aliyehamia Mbarara, dirishani pake panatosha. Lakini, akina mama, utomvu wa njano ulio chini ya ganda huharisha vikali. Msiwanyweshe watoto, wala mjamzito asiunywe, hata ashauriwe na nani.