Simba aliyenguruma kabla ya Lusaka

TUZUNGUMZE MUZIKI
Na Nkwabi Masunga, Mwamapalala

Ukimtajia Sunburst mtu anayejua muziki wetu wa zamani, jibu atakalokupa ni moja: "Ave Africa". Ndiyo albamu yao, waliyoirekodi Lusaka mwaka 1976, na ndiyo wanayoisaka wakusanya santuri wa Ulaya. Sina ugomvi nayo. Ila leo naupigia debe "Simba Anguruma", wimbo wa santuri ndogo ulioitangulia albamu hiyo, ambao hata mashabiki wa bendi hupita juu yake haraka.

Kwa asiyewajua, Sunburst ilianza Dar es Salaam mwaka 1970. James Mpungo aliimba, Hembi Flory Kongo akashika gitaa, Bashir Idi Farhan besi, Kassim Magati kinanda, na Johnny Rocks Fernandes dramu. Mtindo wao waliubatiza Kitoto. Ulikuwa muziki wa roki uliochanganywa na ngoma za hapa, na walichagua kuupiga katika miaka migumu kuliko yote.

Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana, ukawafuata mitaani wenye sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam kwa kosa la ugeni. Rumba, iliyotoka Cuba ikapitia Léopoldville hadi kwetu, haikuguswa. Ilikuwa imekaa ukumbini miaka mingi hadi ikahesabiwa mwenyeji. Sijawahi kuelewa kipimo hicho kilipatikana wapi.

Mwaka mmoja baadaye vijana hawa wanachomeka magitaa yao na kuanza kupiga roki kwa Kiswahili. Unaposikiliza "Simba Anguruma" kumbuka hilo. Albamu ya Lusaka ina uzito na upana, inasema na bara zima. Katika wimbo huu wa mwanzo bendi inasema na watu walio mbele yake, ambao bado haijui kama watabaki au watatoka nje.

Sisi Wasukuma hali hiyo tunaijua. Mavuno yakiisha, Bagika na Bagalu, wafuasi wa Ngika na wa Gumha, huingia uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji wanahama upande hadi upande, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Mchezaji hapewi nafasi ya kuanza taratibu: akizubaa kidogo, watu wameshamkimbia. Sunburst ya mwanzo inapiga kwa haraka ya namna hiyo. Ya 1976 imeshapata watu wake, imetulia, na kwa sikio langu kuna kitu imepunguza.

Kwa nini basi wimbo haukutufikia huku? Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, na santuri zikafyatuliwa Nairobi. Sunburst nao waliingia studio ya Radio Tanzania mwaka 1973, lakini redio za betri za huku vijijini zilijaa NUTA Jazz na Morogoro Jazz. Sililalamikii hilo sana. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alistahili kila dakika aliyopewa. Lakini mkulima wa pamba wa Mwamapalala asingeweza kuupenda wala kuuchukia wimbo ambao hakuusikia.

Majuzi niliupeleka kwenye kibanda kimoja cha kurushia nyimbo hapa kijijini. Kijana wa pale memori kadi zake zimejaa nyimbo za Kisukuma za Bhudagala na Bongo Fleva. "Hawa ni wa wapi, mzee?" aliniuliza. Nikamwambia wa Dar. Hakuamini, alidhani Wanigeria.

Wazambia wametushinda katika hili. Bendi yao ya roki ya miaka hiyohiyo, WITCH, imerudi jukwaani na mwimbaji wake Jagari Chanda akiwa mzee, na inazunguka dunia. Sunburst yetu ilikusanywa na kampuni ya Strut ya London mwaka 2016, santuri ndogo, rekodi za Radio Tanzania za 1973 na albamu, vyote pamoja. Ni kazi nzuri, nawashukuru. Lakini nani huku Itilima au Bariadi atanunua santuri ya London?

TBC ndiyo iliyorithi maktaba ya Radio Tanzania. Ina vipindi vya zilipendwa, na tunavisikiliza, ingawa nyimbo zinazopigwa ni zilezile ambazo kila mtu anazijua kwa moyo. Jumapili moja wakianza na "Simba Anguruma", kisha wakafuatisha nyimbo za 1973, nitakuwa wa kwanza kuwaandikia. Yule kijana wa kibandani naye ameubakiza wimbo kwenye kompyuta yake. Anasema mteja mmoja, dereva wa bodaboda, ameshaomba arushiwe.